Tone la Chuma Katika Chai

Mzee Sheshe alikuwa amelala chali juu ya kitanda cha kamba, macho wazi, shuka imemgandia kwa jasho lililokwisha kupoa. Kwenye kigoda pembeni palikuwa na kikombe cha bati. Chai iliyobaki ndani yake ilikuwa nyeusi tii kama masizi ya chungu.

Inspekta Msaidizi Darweshi alikiinua, akakinusa, akakirudisha. Baridi ya Shume, milimani Usambara, ilikuwa imemwingia mpaka kwenye meno. Alikuwa mtu wa Tanga, na miaka kumi na tano ya upolisi ilikuwa imemfundisha kutomwamini mtu anayelia, wala asiyelia. Hata mkewe alikuwa akimwambia kwamba kabla ya kula wali lazima auhoji kwanza.

Aliambiwa kesi imekwisha. Marehemu alikufa Jumamosi alfajiri baada ya kutapika usiku kucha, na aliyempa chai ni mkewe, Rahabu. Hezekia, dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda na mgawa dawa, aliitwa. Alitoa chupa ndogo kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akadondosha tone moja la dawa ya rangi ya kahawia katika ile chai, mbele ya Jumbe na kijiji kizima. Chai ikageuka nyeusi pale pale. Dresa akasema ni sumu, na nani angebishana na koti jeupe? Watu waliokota mawe. Konstebo Mbaruku alimwokoa mama wa watu kwa kumfungia kwenye ghala la Jumbe, mikono imefungwa kamba.

Darweshi alijua njia iliyobaki: rumande Lushoto, Mahakama Kuu, kisha kitanzi. Mashahidi wapatao arobaini walikuwa wameona kwa macho yao wenyewe, na hilo ndilo lililomkera. Hakuwahi kuona watu arobaini wakikubaliana jambo lolote.

Alimkuta Rahabu amekaa juu ya gunia la mahindi.

"Mama Dorkasi, ulitia nini kwenye chai?"

"Maji, majani na tangawizi."

"Nani mwingine alimpa kitu mzee?"

"Dresa. Alileta dawa ya unga ya mgongo Ijumaa jioni, vifurushi vinane. Alimwambia avinywe vyote kwa mara moja, ili Jumatatu mgongo uwe mwepesi."

"Jumatatu kulikuwa na nini?"

"Alikuwa aende Lushoto kwa Bwana Daktari. Alisema ana neno. Mimi hakuniambia neno gani."

Alieleza kwamba baada ya kunywa, mzee alilalamika masikio yanavuma kama yana nyuki, akawa anahema kama mtu aliyepanda mlima mbio. Darweshi aliandika yote bila kuamini hata moja. Kila mfungwa ana mtu wa kumsingizia.

"Karatasi za unga ziko wapi?"

"Nimeziweka. Karatasi nzuri zile, nafungia mbegu za maharage."

Zilikuwa nane kweli, zimekunjwa kwa ustadi, na kwenye mikunjo mlibaki chembe nyeupe. Darweshi alizitia katika bahasha. Akaichukua na chupa ya dresa kama kielelezo, na mwili ukapakiwa kwenye gari la polisi kwenda Lushoto kupasuliwa.

Kesho yake alasiri alikuwa amesimama katika maabara ya hospitali, mbele ya mpimaji aitwaye Timotheo, mtu mwembamba aliyekuwa akinywa chai yake ya rangi. Timotheo alisoma kibandiko cha chupa, akatikisa kichwa.

"Kloridi ya feri, yaani chuma kilichoungana na klorini. Jeraha likivuja damu, hii huigandisha. Mwenye upungufu wa damu hupewa matone machache katika maji mengi. Na hapa kwangu hunionyesha, kwa rangi, dawa iliyomo ndani ya kitu."

"Rangi nyeusi ya sumu?"

Timotheo alikivuta kikombe chake. Alidondosha tone katika chai yake mwenyewe. Ikawa nyeusi tii.

Darweshi alikitazama kikombe kile. Alijisikia mjinga, na hakupenda kujisikia hivyo.

Mpimaji alimweleza kwamba majani ya chai yana tanini, ile ile iliyomo katika magome ya miti ya miwati yanayotumika kulainisha ngozi za wanyama, na chuma kikikutana na tanini hutoa weusi; tangu zamani watu walitengeneza wino kwa njia hiyo. Kikombe chochote cha chai Usambara nzima kingegeuka vile. Kisha akachukua mkojo ambao daktari aliutoa kwa marehemu, akatia tone. Haukuwa mweusi. Uligeuka rangi ya zambarau iliyoiva. Akayeyusha chembe za kwenye karatasi, akatia tone, zambarau tena.

"Salisilati," alisema. "Dawa ya viungo. Kifurushi kimoja kinatuliza mgongo. Vinane kwa pamoja vinaua, na masikio huvuma kwanza."

Darweshi aliondoka na swali moja: je, dresa alijua? Dresa anaweza kuwa mjinga. Anaweza kukosea maelezo ya dawa, na anaweza kweli kudhani chai nyeusi ni sumu. Ujinga si kosa la kumnyonga mtu.

Jumanne asubuhi baraza la Jumbe lilijaa. Rahabu aliketishwa chini, kamba mikononi. Hezekia alikalishwa kwenye kiti karibu na Jumbe, akaletewa chai ya rangi kwa heshima yake, naye akanywa nusu. Darweshi alimpa shikamoo Jumbe, akakaa, akaiweka ile chupa juu ya meza.

"Bwana Hezekia, chai isiyo na sumu ikitiwa dawa hii inakuwaje?"

"Inabaki vile vile, afande."

"Una hakika?"

"Nimesomea."

"Vizuri. Basi tujaribu na hii yako, watu waone tofauti."

Alifungua chupa, akanyoosha mkono. Hezekia alikifunika kikombe kwa kiganja.

Lilikuwa jambo dogo, lakini mtu anayeamini anachosema hafuniki kikombe. Darweshi alihisi furaha ya mwindaji, na aibu kidogo kwa kuihisi.

"Ondoa mkono."

Hezekia hakuuondoa. Konstebo Mbaruku alimwondolea. Tone likaanguka, chai ikawa nyeusi.

"Kama hii ni sumu," alisema Darweshi, "umeshainywa nusu. Ulijua. Sasa niambie mzee alikuwa na neno gani la kumwambia daktari."

Hezekia alilitazama koti lake, akafungua kifungo kimoja, akakifunga tena.

"Neno la Dorkasi," alisema.

Ndipo akasema yote. Miezi miwili iliyopita Dorkasi, binti wa pekee wa mzee, alijikata mguu kwa shoka akipasua kuni. Baba yake alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Hezekia alikuwa ndani, amelewa pombe ya miwa, mlango ameufunga kwa komeo. Aliwasikia wakigonga. Hakuinuka. Binti akaishiwa damu pale kwenye baraza ya zahanati, akafa. Siku za karibuni mzee alikuja kujua kwamba dresa alikuwamo ndani, naye dresa akasikia kwamba ataenda kusema.

"Dawa hii ingeizuia damu?" Darweshi aliuliza.

"Ingeizuia. Ilikuwa kabatini." Alimgeukia Jumbe. "Mzee angenishitaki, ningefukuzwa. Katika ukoo wetu mimi ni wa kwanza kuliweka jembe chini na kupata kazi ya mshahara. Nisingeweza kurudi kulishika."

"Na mama huyu? Ulimwacha anyongwe?"

"Ilibidi awepo mtu."

Mbaruku alimfunga pingu. Jumbe mwenyewe ndiye aliyeinama kumfungua Rahabu kamba.

Rahabu alisimama, akajifunga upya kanga yake, akaelekea nyumbani. Wanawake na vijana waliokuwa wameokota mawe walijipanga njiani, wakainamisha vichwa, wakamwamkia shikamoo mmoja baada ya mwingine. Alipita katikati yao mpaka mwisho, na hakumwitikia hata mmoja.