Kisu cha Nyanya Kilichomfukuza Wifi

"Kakaaa! Mkeo ananiua!"

Ndizo kelele nilizopiga Jumamosi ile asubuhi, damu ikichuruzika mpaka kwenye kiwiko...

Kaka alitoka bafuni mbio, povu bado shingoni.

Mkewe, wifi yangu, alikuwa amesimama mbele ya friji na jibini mkononi. Ameduwaa.

Sakafuni, kisu chake kidogo cha meno, cha kukatia nyanya.

"Umemfanya nini dada yangu?!"

"Sijamgusa! Haki ya Mungu, sijam..."

"Toka! Toka nyumbani kwangu!"

Jamani, kabla hamjamtukana wifi kwenye komenti, subirini.

Aliyenikata ni mimi mwenyewe.

Ndiyo. Mmesoma vizuri.

Nilikuwa nimeachika, nikahamia kwa kaka, alipokuwa anaishi na mkewe na mama yetu. Mimi ni msusi. Wifi alinipokea, akanipa chumba, hata wateja wa kwanza aliniletea yeye.

Mwaka ukapita. Siku moja nikamsikia akimwambia kaka, "Dadako sasa yuko sawa. Tumsaidie apate kwake."

Alisema taratibu, bila ubaya. Mimi nikasikia nafukuzwa!

Basi Jumamosi ile nikachukua kisu chake nichanie mfuko wa nyama.

"Wifi, hicho ni cha nyanya na jibini tu. Utakiua meno."

"Kwani umekitolea mahari?"

Akacheka, akageukia friji.

Hapo ndipo shetani aliponipanda. Nikajikata kiganja cha kushoto. Nilitaka mkwaruzo tu, wa kutoa damu kidogo... Kumbe kisu cha meno hakikati, kinachana!

Wifi aliondoka na begi moja, analia kimyakimya. Jiko likawa langu. Nikajiona mshindi.

Ila vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi. Nasuka, mistari inapinda. Wateja wakaanza kunikwepa mmoja mmoja.

Na mama akabadilika. Nikipika, hali. Nikimsalimia, anaitikia huku anaangalia ukuta. Nikasema ni uzee.

Mwezi wa saba tangu wifi aondoke, nikamkuta anafunga nguo zake.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Mwanao si mimi?!"

Akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nilikuwa mlangoni. Niliona."



"Mbona hukusema?"

"Wewe nimekuzaa. Nikasema nikungoje useme mwenyewe. Miezi saba nangoja, mtoto wa watu anaitwa muuaji! Na mimi nina dhambi yangu. Naenda kumwomba msamaha."

Akaenda kuishi kwa wifi.

Kaka aliporudi kutoka kazini nikamwambia yote. Hakunipiga, hakunitukana. Alivaa viatu tena akatoka. Nikamfuata.

Wifi alifungua mlango. Nikapiga magoti hapohapo kizingitini.

"Wewe nimeshakusamehe," akaniambia. "Inuka."

Kisha akamgeukia kaka.

"Lakini wewe... miaka sita kitanda kimoja. Hukuniuliza hata swali moja."

Akafunga mlango. Polepole kabisa.

Wapendwa, ukisema uongo leo, ukiri leo. Ukilala nao, kesho una watoto na wajukuu zake.

Na wewe unayeambiwa jambo zito juu ya mwenzio, muulize kwanza. Hata kwa hasira, muulize!

Mimi niliogopa kunyang'anywa chumba. Sasa nyumba nzima tuko wawili, mimi na kaka... na hatusemeshani.