Vikombe Viwili Kabla ya Kung'olewa Jino

Asubuhi katika nyumba ile ilianza kwa ufagio, kisha maneno. Mama alifagia upande wake wa ua, shangazi akichambua mizizi yake ya dawa upande wa pili, na wote wawili wakimwita msichana mmoja.

"Redio! Mwambie shangazi yako takataka zake zinavuka mpaka."

"Redio! Mwambie mama yako upepo sikuuajiri mimi."

Redio, jina alilopachikwa kwa kupeleka maneno yao, hakuwa na haja ya kuinuka, maana walisikiana vizuri sana. Lakini mawifi hao walinuniana tangu siku shangazi alipoanua shuka mbichi za mama ili aanike mizizi, na ugomvi wa kamba ya nguo huwa mrefu kuliko kamba yenyewe. Baba, dereva wa lori, alikuwa safarini. Hata angekuwepo, angejifanya amelala.

Msichana naye alikuwa na lake. Gego lake la chini lilikuwa limeoza na shavu limevimba. Mara ya kwanza alipopelekwa kwa daktari wa meno, alimng'ata kidole akatimua mbio mpaka getini. Daktari yule, mwanamke mkavu asiyejua kubembeleza, alimwambia mama:

"Mrudishe keshokutwa. Nitampa dawa ya kunywa, ya kumtuliza, naipima kwa uzito wake. Ila aje na tumbo tupu. Asile, asinywe. Umenisikia?"

"Nimesikia, daktari."

Kusikia alisikia. Kushika ndiko hakushika. Siku ilipofika alichemsha mchaichai, akampa binti yake kikombe. "Hiki si kinywaji, mwanangu, ni majani tu. Yatakupoza moyo. Ukiulizwa, hujanywa kitu."

Redio alipokwenda nyuma ya nyumba kuchukua viatu, shangazi akamdaka. Mkononi alishika kikombe cha mizizi iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi. Habari za dawa ya daktari hakuwa nazo. Nani angempa?

"Kunywa, kipenzi changu. Hii inalaza woga. Hata ng'ombe mkorofi hutulia. Mama yako asijue, maana kwake dawa ni ile yenye kizibo tu."

Redio akanywa, uso ukamkunjamana. Hakusema kwamba ameshakunywa kingine. Angesema, vita vingelipuka palepale.

Kwenye benchi la kusubiria, Redio alisinzia begani mwa mama. Kila mtu pale alikuwa na maumivu na hakuna aliyekuwa na simile. Mwanamume mmoja aliyefunga shavu kwa kitambaa akanung'unika, "Mtoto huyo anaumwa au anakoroma?"

"Linalokuhusu ni jino lako," mama akamjibu.

Wakaitwa ndani. Redio akapandishwa kwenye kiti.

"Amekula? Amekunywa?" daktari akauliza.

"Hata tone," mama akasema upesi, huku akimkazia binti yake macho. Redio akatikisa kichwa kukubaliana naye.

Daktari akapima dawa ndani ya kikombe kidogo. Redio aliiona taa iliyo juu yake ikiwa mbili. Ulimi ulikuwa mzito kama kiazi.

"Hiyo inafanya nini?" akauliza.

"Inasinzisha."

Mbona ameshasinzia tayari? Alimtazama mama akaona aibu inayomngojea; akaikumbuka nyumba yao, akaona vita. Kikombe kikafika mdomoni. Akakisukuma.

"Nimekunywa," akasema. "Mara mbili."

"Mara mbili?" Mama akaruka. "Mimi nimekupa kimoja!"

Daktari akakiweka kikombe mezani. "Kumbe kwako hata tone ni kikombe kimoja. Na cha pili?"

"Mizizi ya shangazi."

"Mizizi gani?"

"Nitajuaje?" mama akafoka. "Mimi na huyo mwanamke hatuongei." Akatoa simu, akabonyeza, akamsogezea mtoto. "Haya, muulize shangazi yako alikulisha nini."

Daktari akaidaka simu na kuirudisha mkononi mwa mama. "Uliza mwenyewe! Huyu ni mgonjwa, si tarishi wenu. Dawa yangu ya usingizi juu ya mizizi ya usingizi, mtoto anaweza kulala mpaka pumzi zikakwama. Uliza!"

"Wifi," mama akasema, na neno likamtoka kama mwiba.

Shangazi alifika anahema, mizizi ameifunga kwenye mtandio.

"Uliniambia kwamba atapewa dawa nyingine?" akamvaa mama.

"Uliniuliza?"

"Ungenijibu?"

"Nyamazeni nyote," daktari akasema, "au nianze na meno yenu."

Jino halikung'olewa siku ile. Redio alilazwa kitandani, muuguzi akimhesabia pumzi mpaka macho yakafunguka vizuri. Akarudi nyumbani na dawa ya uvimbe na shavu lake lilelile.

Waliporudi tena, shangazi akiwamo, Redio alikuja na tumbo tupu kweli. Daktari alipogusa kikombe cha dawa, Redio akamzuia.

"Sitaki kusinzia. Ninachoogopa ni sindano. Nioneshe kwanza."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo, kidole changu kingepona." Akakiweka kikombe kando, akamwonesha kioo, sindano ya ganzi na koleo. "Ukitaka nisimame, inua mkono."

Redio aliinua mkono mara nyingi. Kila mara daktari alisonya, na kila mara alisimama. Hatimaye gego likatoka.

Daktari akawageukia mawifi. "Sina ugomvi na majani. Yapo yanayosaidia, yapo yanayodhuru, na yote ni dawa. Ugomvi wangu ni na anayeficha. Kumficha daktari ni kumfunga macho, halafu kumpa koleo. Nyinyi mlinifunga. Mtoto akanifungua."

Kisha akamwinamia Redio. "Na wewe, ulikubaliana na uongo kwanza. Nilikuona. Mara nyingine anza na ukweli, kabla ya kiti, kabla ya taa."

Redio, mdomo umejaa pamba, akaitikia kwa kichwa. Mama na shangazi nao wakainamisha vichwa, na kwa mara ya kwanza tangu wanuniane, wakakubaliana jambo.