Ngoma Ninayoianika Juani

Jua lilikuwa linazama nami nampelekea mdogo wangu ugali. Mwanaume mzima, ana ndevu, ana karanga zinazongoja kupukuchuliwa, lakini kila kiangazi kikiingia mimi ndiye wa kumtafuta porini na chakula kichwani. Mama yetu alikufa huyu mdogo wangu, Ngollo, akiwa bado ananyonya. Nilimlea mgongoni mwangu. Sasa akishikwa na wazimu wake wa ngoma, nani mwingine angemfuata?

Wewe mgeni umeniuliza kwa nini naanika ngoma uani kama mtu anayeanika mihogo. Watu wa hapa hawaulizi. Basi kaa, nikueleze, ila usinikatize.

Enzi zile za Mwingereza, huku kwetu Kigwa, mavuno yakishaingia ghalani hatukuwa na kazi nyingine ila mashindano ya ngoma. Pande mbili zinaingia uwanja mmoja, kila upande na manju wake. Manju ndiye mtunzi, ndiye mpigaji, ndiye kila kitu. Hakimu hakuna. Watazamaji wakiona upande mmoja umenoga, wanahama. Anayebaki peke yake ameshindwa, na ataimbwa matusi mpaka mvua zinyeshe. Kwa hiyo kila manju alikuwa na dawa ya kuvuta watu, asikudanganye mtu, hata wale waliokuwa wanapokea komunyo mstari wa mbele.

Ngollo alikuwa anashindwa. Raymundi, manju wa upande wa relini, alikuwa anamfanya anavyotaka. Mwaka mmoja watu walihama wote, tukabaki mimi na mbwa wa Dionis, mwanakijiji mwenzetu, na mbwa naye baadaye akaondoka. Mdogo wangu alipiga ngoma huku analia. Tuliporudi nyumbani aliniambia, "Dada, nikishindwa tena najinyonga." Namjua Ngollo. Hakuwa mtu wa kusema ovyo, na mimi sikuwa na ndugu mwingine duniani.

Jioni ile ya ugali, kiangazi kilichofuata, nilimfuata kwenye njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa misafara kabla ya reli. Sehemu nyingi imefunikwa na nyasi, lakini penye kisima walipokuwa wanapiga kambi hapaoti kitu. Hakuna anayechota maji pale. Kabla sijaona mtu nilisikia harufu... damu mbichi, na nywele zilizoungua.

Walikuwa wawili. Ngollo alikaa kifua wazi. Mbele yake alichuchumaa mganga mmoja wa kutoka Ulyankulu, mzee mwembamba, wembe mkononi. Kati yao ngoma. Gogo lake lilikuwa kuukuu, jeusi, limeliwa na mchwa upande mmoja, ila ngozi iliyowambwa juu yake ilikuwa mpya. Mganga alichanja chale kifuani kwa Ngollo, kisha akageuka akachanja ngozi ya ngoma. Kifua. Ngoma. Kifua. Ngoma. Damu ya huku anaipaka kule.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

"Gogo hilo mmelitoa wapi?"

"Hapa hapa," Ngollo akajibu. "Lilikuwa limefukiwa."

"Ni la nani?"

Mganga akasema taratibu, "La kirangozi. Kiongozi wa msafara. Akilipiga alfajiri, kila mpagazi anachukua mzigo wake na safari inaanza. Hapakuwa na mtu wa kulisikia akabaki amelala."

"Huyo kirangozi yuko wapi?"

"Ndui iliwamaliza. Yeye na watu wake wote. Hapa, kisimani."

Ngollo akacheka. "Unasikia, Dada? Ngoma ambayo mtu hawezi kuikataa. Mwaka huu watakuja wote."

Mganga hakucheka. Alifuta wembe kwenye nyasi, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa ni ngozi moja," akaninong'oneza. "Usimruhusu mtu aichane."

Nilimwambia mdogo wangu ale ugali wake usipoe. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimenuna.

Jumapili, baada ya Misa, uwanja ulijaa. Mitungi ya pombe ya mtama ilipangwa kivulini, jirani yangu Apolinaria akiilinda na kuionja zaidi ya alivyoilinda. Ngollo alikoka moto kuipasha ngoma, kama wanavyofanya wote, ngozi ikaze ipate sauti. Nikaona kitu nisichokipenda. Kadiri ngozi ilivyokaza, na yeye alikaza. Mgongo ukanyooka. Mishipa ya shingo ikamsimama. Shati lililokuwa linampwaya likambana.

Raymundi alianza. Njuga, filimbi, watu vifijo. Ngollo akaketi, akaivuta ngoma katikati ya magoti yake.

Du.

Pigo moja. Filimbi za Raymundi zilinyamaza.

Du... du...

Watu wakageuka. Hawakuja mbio, walikuja polepole, akina mama na watoto mgongoni, wazee na mikongojo. Mimi mwenyewe miguu iliondoka bila kuniuliza. Raymundi naye alikuja, machozi yanamtoka, anajishika mapaja ajizuie. Nilipiga vigelegele, sikufichi. Mdogo wangu alikuwa ameshinda. Hatajinyonga.

Ndipo wakaja wengine.

Walitokea upande wa njia ya zamani. Nilidhani ni wageni wa kutoka Kaliua. Wanaume watupu, wamekonda, kila mmoja ana sugu begani kubwa kama ngumi. Nyuso zimetobokatoboka. Walikanyaga uwanja wote ule mkavu na vumbi halikuruka. Na harufu ile... majivu baridi na kidonda kibichi. Walisimama nyuma yetu. Hawakutazama ngoma. Walitazama chini, kila mmoja mbele ya miguu yake, kama mtu anavyotafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

Ngoma ikabadilika.

Du-du. Du-du. Du-du.

Ngollo alitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Midomo ikacheza. Niliisoma. *Dada.*

Mmoja wao aliinua macho. Akamtazama Dionis kuanzia miguuni hadi begani, taratibu, kama unavyotazama gunia kabla ya kulibeba. Kisha akamshika. Akaikunja miguu yake ikafika kifuani, na haikukunjika ilikokusudiwa kukunjika. Nilisikia nyonga zikiachia. Dionis alipiga ukelele mmoja, wa pili ukabanwa na magoti yake mwenyewe. Kamba za magome zikamzunguka, zikakazwa kwa goti, mpaka akawa mzigo.

Mzigo mmoja, umefungwa vizuri.

Kisha wote wakaanza.

Watu walitaka kukimbia, miguu ikagoma. Waliokuwa pembeni, ambao ngoma haikuwashika sawasawa, waliumana kama fisi wakigombea njia. Nilimwona mwanaume akimpiga mkewe na kinu cha tumbaku usoni ampishe. Nilimwona mzee akikanyagwa mpaka taya likahama. Raymundi alishika rungu, na nitamsifu hadi kaburini, alipigana. Alimpiga mmoja wao kichwani, kichwa kikabonyea. Damu haikutoka. Yule mtu aliyumba kidogo tu, akageuka, akamtazama kuanzia miguuni hadi begani. Wawili wao wakamkunja. Alikuwa mrefu, hakutosha kwenye kamba, basi wakamvunja tena mapajani.

Apolinaria alinishika mkono. "Berna," akaninong'oneza, "nishike." Nilimshika. Nilimshika kwa nguvu zangu zote, nikabaki na bangili yake.

Mizigo ikapanda mabegani. Mingine ilikuwa bado inapumua. Wakajipanga mstari mmoja, nyuso kuelekea njia ya zamani, na mbele yao wakaacha nafasi ya mtu mmoja.

Ngollo akasimama.

Ngoma ilikuwa imemganda tumboni, mikono inapiga, nyama za vidole zimechanika nasi tunaona mifupa. Alitembea kuelekea ile nafasi. Nilimrukia kiunoni, nikaburutwa. Nilimwita kwa jina nililokuwa namwimbia akiwa mgongoni. Hakugeuka, ila alilia, nilisikia kifua chake kinavyotetemeka.

Anton, ndugu yake Raymundi, alitokea na shoka. "Niachie niipasue hiyo takataka," akafoka. Alikuwa na haki yake. Shoka likateleza, likaipata ngozi ya ngoma pembeni tu, mchubuko. Ngollo halikumgusa, lakini shati lake likalowa damu. Nilifunua nikaona kifua kimefunguka, mbavu zinaonekana, mahali pale pale.

Anton alinyanyua shoka tena. Nilichukua kigogo cha moto tulioipashia ngoma, nikampiga nacho sikioni. Akaanguka na hakuinuka. Usinitazame hivyo. Huyu ni mdogo wangu.

Sasa sikiliza. Dada wa manju hajui kuwamba ngoma, hajui dawa, lakini tangu utotoni amegombezwa kwa jambo moja: ngoma isinyeshewe. Ngoma ikilowa haisemi.

Nilikimbilia kivulini. Nikanyanyua mtungi wa pombe ambao watu wawili huunyanyua kwa shida, nikarudi nao, nikaumimina wote juu ya ile ngozi.

Du-du. Dub. Dp...

Kimya.

Ngollo alianguka kama nguo iliyotolewa kwenye maji. Nyuma yangu mizigo yote ilitupwa chini kwa pamoja. Sitaki kuusimulia mshindo ule. Nilipogeuka walikuwa wananitazama. Mmoja alisogea, uso wake karibu na wangu, pumzi hana, harufu tu.

"Tunangoja," akasema.

Akakaa chini. Wakakaa wote, palepale, mikono magotini, watu waliokatishiwa safari. Jua lilipozama sikuona tena mtu, ila nyasi zilizolala.

Waliopona walizika waliokufa. Kabla hawajamaliza, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alikuja na askari wake, akaandika kwamba ni ugomvi wa ngoma na pombe, akapiga marufuku mashindano wilaya nzima. Lakini kamba aliziona. Askari walitumia msumeno kumfungua Apolinaria. Bwana Shauri alikwenda nyuma ya gari akatapika, kisha akarudi, akaendelea kuandika ugomvi. Nilimtafuta yule mganga mpaka Ulyankulu. Hakutoka hata nje. Alisema mlangoni, "Hawana ubaya. Wanataka kwenda tu," akafunga.

Ngollo nilimbeba hadi nyumbani, mgongoni, kama zamani. Alikuwa hai. Kifua kilipona. Lakini mwili wote ulilegea, ngozi inaning'inia, shingo haishiki kichwa. Kumeza hawezi. Nilikuwa namdondoshea uji kwa kitambaa na kumwomba Mungu amchukue. Siku moja nikaitoa ile ngoma nje nifagie. Jua likaipiga. Ndani nikasikia sauti niliyokuwa nimeisahau: "Dada, nina njaa."

Hapo nikajua. Ngozi moja.

Tangu hapo ndiyo kazi yangu. Asubuhi naianika, anaketi, anakula, ananichekesha, anauliza habari za karanga. Ikianza kukaza sana naiingiza kivulini, kwa sababu ikikaza, vidole vyake vinaanza kugonga mkeka. Hajui kama anagonga. Na vikigonga, nje ya ua wa minyaa mtu anakohoa. Kisha mwingine. Masika analala miezi yote ya mvua kama mfu, nami nalala chini ya kitanda chake nisikilize kama anapumua. Kuichana siwezi. Kuichoma siwezi. Na mimi nimezeeka, magoti haya hayana kazi tena.

Leo asubuhi aliniomba kitu. Alisema, "Dada, tangu siku ile sijasimama. Niache leo nisimame mlangoni, nione shamba letu. Kidogo tu." Nimemlea mimi. Nimemnyima mambo mengi. Hili nilishindwa kumnyima, ngoma nimeiacha juani.

Geuka umwone. Yule pale mlangoni. Mzuri, eti? Mgongo umenyooka. Hata shati limembana.

Mikono yake iko wapi? Niambie, macho yangu hayafiki. Ameishika ile nguzo ya mlango? Anafanya nini na vidole?

Basi inuka, mgeni wangu, inuka sasa hivi, kaiingize ngoma ndani. Uimwagie maji yale ya mtungini, yote. Usiikwaruze. Na hapo uani ukimkuta mtu amesimama, anakutazama kuanzia miguuni hadi begani, usimsalimie.

Anakadiria uzito.