Kindi wa Kihenge cha Bibi Agnesi

Rozina alikuwa anapepeta ulezi. Mwanawe Flavian, wa miezi mitatu, akalia tena.

"Ana njaa huyu," alisema mama mkwe wake, Bibi Agnesi. "Maziwa ni maji tu. Uji wa ulezi ndio utamkaza mwili. Baba yake nilimlea hivyo hivyo."

Rozina aliendelea kupepeta. Utabishanaje na mama wa mume wako? Bibi akamlisha mtoto uji, akamnywesha na maji.

Siku ya tatu Flavian akaanza kuharisha. Kesho yake utosi ulikuwa umebonyea, na hakulia tena. Jamani, Rozina alikitamani kile kilio! Alimwita jirani yao Hellena, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Zahanati, sasa hivi!" alisema Hellena. "Usiache kumnyonyesha njiani."

"Nimemuua mjukuu wangu," Bibi alilia.

"Yu hai, bibi. Lete taulo lake, twende."

Nesi alimpokea Flavian na mama yake, akafunga mlango. Bibi na Hellena wakakaa kwenye benchi. Bibi alikuwa amelikumbatia lile taulo.

"Uji una kosa gani?" aliuliza.

"Bibi, kihengeni kwako si kuna kindi aliyezaa?"

"Mwizi yule! Atanimalizia ulezi."

"Watoto wake wamelalia ulezi. Wanaula?"

Bibi akafikiri. "Hapana. Wananyonya. Nimewaona."

"Na huyu aliyechorwa kwenye taulo ni nani?"

"Samaki."

"Si samaki, bibi. Ni pomboo, mnyama wa baharini. Kindi ana manyoya, anapanda miti, anaenea kiganjani. Pomboo ana ngozi laini, anaogelea, ni mrefu kuliko mtu. Lakini wote wanavuta hewa, wanazaa na kunyonyesha. Mtoto wa pomboo yumo majini usiku na mchana, ila kinywaji chake ni maziwa. Na Flavian ni maziwa ya mama tu, mpaka atimize miezi sita. Hata maji, hapana. Isipokuwa dawa aliyoandikiwa."

Bibi alikuwa anautazama mlango.

Saa kumi jioni, kilio kikasikika ndani. Kikali! Bibi akapiga ishara ya msalaba, akaangua kilio na yeye.

Wiki moja baadaye, nyumbani, Flavian alilia. Bibi akainuka, akarudi na kikombe cha uji wa ulezi. Rozina akamkumbatia mwanawe kwa nguvu.

"Mama, tafadhali..."

"Shika," alisema Bibi. "Kunywa wewe, upate maziwa ya kumpa."