Chujio la Bibi Mkunga

Jua lilikuwa limezama nusu pale Mama Samaki alipobisha hodi kwa Bibi Mkunga. Alikuja kuchukua chujio la tangi la samaki, tena la bure, na njia nzima alikuwa akijichekea.

Aliitwa Mama Samaki kwa sababu alifuga samaki wa mapambo uani kwake, akawauza kwa zahanati, saluni na ofisi zinazopenda kuwa na kitu kinachochezacheza pale mapokezi. Lakini nusu ya kazi yake haikuwa samaki, ilikuwa uchafu. Alikusanya vifaa vilivyotumika, pampu, mipira ya maji, machujio, akavisugua, akavitia dawa, akavianika juani hadi vikawa kama vipya. Kinyesi cha samaki alikizoea kama muuza mkaa alivyozoea masizi.

"Mimi harufu hainishindi," alipenda kujigamba. "Nimelea mtoto, nimeuguza mama mkwe, nimefuga samaki. Pua yangu imestaafu."

Siku ile pua iliitwa kazini.

Bibi Mkunga ndiye aliyezalisha nusu ya mtaa ule. Mama Samaki mwenyewe alijifungulia mikononi mwake, miaka ishirini na minne iliyopita, akampata binti yake wa pekee. Binti huyo sasa alikuwa amerudi nyumbani kungoja uzazi wake wa kwanza. Mimba ilikuwa na miezi minane. Bibi alikuwa mzee tangu enzi hizo, na ajabu ni kwamba hakuzidi kuzeeka. Wenzake wote wa rika walishazikwa. Yeye uso wake ulikuwa laini, unang'aa, umevimba kidogo... kama kitu kilicholowekwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Liko pale."

Tangi la sebuleni lilikuwa kavu. Hakuna samaki, hakuna hata changarawe. Lakini chujio lilikuwa linafanya kazi. Lilikuwa la mkebe mweusi, kubwa kama ndoo, pampu kichwani, na mipira yake miwili imetumbukizwa kwenye beseni la maji ya rangi ya chai. Lilinguruma polepole.

"Samaki wamekufa, Bibi?"

"Samaki?" Bibi aliyaangalia maji. "Sikuwahi kuwa na samaki." Akachomoa plagi. "Nisikilize. Lioshe kwa maji yake haya haya. Usitie sabuni. Usitie dawa. Na ukifika tu, liwashe."

Mama Samaki hakushangazwa na sharti hilo. Kila mfugaji anajua kwamba chujio la tangi lako huoshwa kwa maji ya tangi hilo hilo, maana dawa huua vijidudu vizuri vinavyosafisha maji. Ila chujio la mwenzio ni habari nyingine. Hujui limebeba maradhi gani. Hilo hutiwa dawa bila huruma. Akaitika tu, "Sawa, Bibi," kama tunavyowaitikia wazee huku moyoni tumeshaamua letu.

Mlangoni Bibi akamshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vimelowa.

"Umelipokea?" akanong'ona.

"Nimelipokea, Bibi."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu. Asante sana."

Bibi akashusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa gunia mgongoni.

Nyumbani, Mama Samaki alifikia uani. Akawasha taa, akavaa glavu, akamimina ndooni yale maji ya rangi ya chai aliyoyabeba kwenye dumu, na pembeni akaandaa karai la maji yenye klorini. Binti yake alikuwa ndani amejinyoosha kitandani. Akafyatua vibano vya kifuniko, kimoja, cha pili. Kifuniko kikagoma. Akakivuta kwa nguvu. Kikaachia kwa mlio mzito, kama mdomo wa mtoto unaobanduka kwenye ziwa la mama.

Harufu ikatoka.

Haikuwa ya samaki. Haikuwa ya tope wala ya mayai viza. Ilikuwa tamu. Utamu wa maziwa yaliyoganda kwenye shingo ya mtoto, na chini yake damu ya siku nyingi... Mama Samaki akageuka upande, akatema mate. Yakaja mengine. Akatema tena.

"Mama, ni nini hicho?" binti akaita dirishani. "Kinanuka mpaka huku!"

"Funga dirisha, mwanangu. Ni uchafu tu."

Trei ya kwanza ilikuwa na sponji. Akaikamua. Ute mzito wa kijivu ukachuruzika kwenye glavu, ukaning'inia, ukakataa kukatika. Ulikuwa na vuguvugu. Trei ya pili ilikuwa na vile vijiwe vya udongo vinamojificha vijidudu, vyote vimeshikamana kwa utando kama mtindi. Akapitisha kidole, utando ukasinyaa.

Trei ya tatu...

Aliona kama minyoo. Vitu vifupi, vinene, vya rangi ya nyama iliyochemshwa, vimejazana. Kila kimoja kimefungwa uzi. Nyuzi nyeupe nyingi, nyeusi chache.

Tumbo likampanda. Hakutaka hata kufikiri. Akaibeba trei kwa ncha za vidole na kuibwaga yote kwenye karai la klorini.

Vile vitu vikajikunja.

Ndani ya nyumba, binti yake akapiga ukelele.

"Mama! Mama, tumbo! Kitovu changu kinaungua!"

Mama Samaki akaruka kuelekea mlangoni, na hapo ndipo jicho lake lilipogota. Karaini, katikati ya nyuzi nyeupe, kulikuwa na uzi mmoja wa sufu ya rangi ya chungwa. Aliujua. Siku ile ya kujifungua, uzi wa kufungia kitovu ulipungua, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Bibi, kata kwenye sweta hili ninalomfumia mtoto."

Vitovu.

Akatumbukiza mkono, akakinyakua. Ukelele ukakatika. Kikamteleza, kikatumbukia tena, na binti akalia kama mnyama. Akavua glavu na kukishika kwa mkono mtupu. Kilikuwa laini, hai, kikipwitapwita kama koo la mjusi. Akakitia kwenye ndoo ya maji ya chai.

Kimya kutoka chumbani. Lakini sasa alisikia vilio vingine. Ng'ambo ya ukuta, fundi seremala, jitu la miaka arobaini, anagaagaa akimwita mama yake. Nyumba ya tatu, mtoto analia. Barabarani mtu ameanguka na baiskeli. Mtaa mzima unashika tumbo.

Akavichota vyote kwa viganja, huku akitapika. Alitapika kifuani pake na hakusimama. Akavirudisha kwenye maji yake, mpaka cha mwisho. Vilio vikafifia kimoja kimoja.

"Mama..." sauti ya binti ilikuwa ndogo. "Siwezi kuvuta pumzi... Kama niko chini ya maji..."

*Ukifika tu, liwashe.*

Hajui alizipangaje zile trei. Hajui mipira aliichomekaje. Alibana kifuniko, akachomeka plagi kwa mkono uliolowa, na mngurumo ukaanza. Ndani ya nyumba binti akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akaanza kulia kwa kawaida, kilio cha mtu mzima aliyetishika.

Mama Samaki alikwenda mbio kwa Bibi Mkunga vile vile alivyo, na matapishi yake kifuani. Mlango ulikuwa wazi. Bibi alikuwa amelala sakafuni, na ule uso uliolowekwa ulikuwa umekauka. Ngozi imeingia mifupani. Miaka yote aliyokuwa akiikwepa ilikuwa imemrudia kwa saa moja.

"Nakurudishia, Bibi! Sikitaki kitu chako!"

"Ulitia dawa," Bibi akanong'ona. Midomo ilipasuka kwa kutabasamu. "Nimesikia."

"Chukua uchawi wako!"

"Umeshapokea... Mimi nilipewa hivyo hivyo. Na aliyenipa hakuniambia."

"Nikivizika? Nikivitupa?"

Jicho moja la Bibi lilimgeukia polepole.

"Jaribu," akasema. "Anza na cha mwanao."

Akakata roho. Kinywa kilibaki wazi, na humo ikatoka ile harufu tamu, ikajaa chumba.

Majirani walizika. Walisema Bibi amekufa kwa uzee, na wakasema maumivu ya jioni ile yaliletwa na maji ya bomba, watu walikunywa kitu kibaya. Kila magharibi Mama Samaki alikwenda uani, akachomoa plagi, akabana pua kwa kibanio cha nguo, na kuosha trei zile kwa maji yake yenyewe, haraka kabla watu hawajaanza kukohoa. Hakuacha kutapika. Alijifunza kutapika huku mikono inafanya kazi. Wateja wakaanza kumsifu, "Mama Samaki, umenawiri, unakula nini?" Naye alivikwepa vioo vya matangi yake mwenyewe.

Wiki ya tano binti akajifungua hospitali, salama, mtoto wa kike. Wakarudi nyumbani wote watatu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Mama Samaki alicheka. Alimpakata mjukuu usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, akasema Mungu hamtupi mja wake.

Siku ya sita, magharibi, alifungua chujio kama kawaida.

Juu ya vingine vyote kulikuwa na kimoja kipya. Kidogo. Ncha yake bado ina damu mbichi. Kimefungwa uzi wa buluu, uzi wa cherehani yake, mafundo mawili, vile anavyofunga yeye.

Hakukumbuka kitu. Alikumbuka kulala, akakumbuka kuamka. Akainua mkono mpaka puani, polepole, kabla haujagusa maji. Chini ya kucha kulikuwa na ute uliokauka. Ulinuka maziwa.

Cha kutisha ni kwamba safari hii tumbo halikumpanda.

"Mama!" binti akaita kutoka chumbani. "Kitovu cha mtoto kimedondoka, nimetafuta shuka zima sikioni. Umekiona?"

Mama Samaki akakitazama. Kilipwita mara moja, taratibu, kikitulia mahali pake.

"Hapana, mwanangu," akajibu. "Sijakiona."

Akabana kifuniko.