Kiganja cha Keli

Sitaki mtu aniambie niliota. Sugni ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na kamba niliishika kwa mikono yangu hii.

Kwetu jangwani, huku Barmer, magharibi mwa India, kila nyumba ina tangi lililochimbwa uani. Mvua ya miezi miwili ndiyo tunayoinywa mwaka mzima. Kabla haijanyesha lazima tangi lisafishwe: mtu mwembamba anashushwa kwa kamba, anakomba tope, anasugua kuta kwa majivu. Ila kwanza inashushwa taa ya mafuta. Ikizimika, hewa ya chini ni mbaya, hashuki mtu.

Mwaka ule Keli, binti pekee wa Sugni, alikuwa na miaka kumi na miwili, na maneno hayamwishi.

"Mama, usije ukanogewa na umbea na mama mdogo Hastu ukanisahau humu."

"Shuka huko. Wewe ukinyamaza ndiyo nitajua umekufa."

Tulicheka wote watatu, mimi Hastu nikiwa nimeshika kamba. Wingu lilikuwa limeshapanda magharibi. Sugni akashusha taa, ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika tena pale pale mdomoni mwa tangi.

"Upepo huu," akasema, akamshusha Keli.

Nilikuwepo na sikusema kitu, maana upepo kweli ulikuwa unavuma. Naumia mpaka leo.

Keli alikuwa akigonga ndoo mara tatu, kutuonyesha yuko salama. Akagonga. Akagonga tena. Halafu mara mbili. Halafu moja. Tukavuta. Alikuwa ameshakata roho.

Tulimchoma, kama ilivyo desturi yetu ya maziko, jioni ile ile kabla mvua haijashika. Sugni hakulia. Alirudia tu, "Nilisema ni upepo."

Mwaka uliofuata akakataza mtu yeyote asishuke ila yeye. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosini. Nikafunua mfuniko.

Chini, ndoo ikagongwa. Mara tatu.

Ndoo yetu ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Umesikia?" akaninong'oneza.

"Sijasikia," nikamdanganya.

Taa tuliishusha mpaka chini. Haikutikisika hata kidogo. Sugni akashuka. Kisha nikamsikia analia, kilio alichokuwa nacho mwaka mzima.

"Kumesafishwa," akasema kutoka chini. "Kote kumesuguliwa."

Nikamvuta. Hakuwa na tope hata kwenye nyayo. Akanieleza kwamba ukutani, usawa wa kiuno chake, kuna alama ya kiganja cha majivu. Kidogo.

"Bado anafanya kazi, shoga. Mwanangu amekufa na bado anafanya kazi."

Akalala kifudifudi, akaingiza kichwa tangini. "Keli, basi, mwanangu. Acha. Mama atasafisha."

Chini pakagongwa mara tatu.

Tangu hapo kila mwaka anawahi. Kwanza wiki moja mapema, kisha mwezi mzima. Kila akishuka, anakuta ameshawahiwa. Maji yake ndiyo safi kuliko yote hapa kitongojini, watu wanayaomba kwa ajili ya watoto wachanga. Yeye hayagusi. Anakunywa ya kwangu.

Mwaka huu ni wa saba tangu Keli afe. Alikaa chini muda mrefu. Nilipomtoa, kiganja chake cha kulia kilikuwa na majivu. Alikuwa amekiweka juu ya kile cha ukutani.

"Vimelingana," akasema. "Na sasa kiko usawa wa bega langu."

Nikahesabu kimoyomoyo. Miaka kumi na tisa.

"Amekua, shoga. Mtoto wangu amekulia gizani, na mimi sijamwona."

Nikarudisha mfuniko, nikamfungua kamba kiunoni. Alipogeuka kwenda ndani ndipo nikaona mgongo wake.

Kulikuwa na viganja viwili vya majivu, kimoja kila upande wa uti wa mgongo, vidole vimetanuka, vimekaa vile mtu anavyomshika mama yake akimkumbatia. Mkono wake mwenyewe haufiki pale.

Nikainua shela yangu nivifute. Nikaviacha.