Jina Lililozimwa kwa Nyundo

Wanyama hakuwa na baiskeli. Hakuwa na redio, wala saa, wala shamba. Hakuwa na ndugu wa damu katika mji mzima wa Kampala. Chumba chake cha Katwe hakikuwa na dirisha. Mwaka ule wa 1976 hakuwa na sukari pia, lakini hapo hakuwa peke yake. Karibu kila nyumba ilikunywa chai chungu.

Hayo yote aliyavumilia. Lakini tangu mwezi wa pili alikosa vitu vingine vitatu, na hivyo vilimshinda. Alikosa usingizi. Alikosa hamu ya kula. Na alikosa mtu wa kumshikia bati.

Wanyama alikuwa fundi wa bati, Mluhya wa Bungoma, Kenya. Alitengeneza majiko ya makaa, ambayo watu wa Kampala huyaita sigiri. Kazi hiyo huwataka watu wawili. Mmoja hushika bati juu ya kipande cha reli. Wa pili hupiga nyundo. Mpigaji hutazama bati, hatazami vidole vya mwenzake. Mshikaji naye hatazami nyundo. Kila mmoja humwamini mwenzake, kazi ikaenda.

Kwa miaka tisa mshikaji wa Wanyama alikuwa Saverio, Mwacholi wa Kitgum. Walikula sahani moja. Walitaniana kutwa nzima kwa Kiswahili.

Siku moja ya mwezi wa pili, saa nane mchana, gari lilisimama mbele ya karakana. Wanaume watatu wakashuka. Walimwuliza Saverio jina lake, kisha wakamwambia aingie garini. Saverio aliweka bati chini polepole, lisipindike. Akaingia. Gari likaondoka, naye hakuonekana tena.

Wakati ule wa utawala wa kijeshi, watu wengi walichukuliwa hivyo. Aliyeuliza sana aliweza kuchukuliwa yeye pia. Kwa hiyo mafundi hawakuuliza.

Ni Wanyama tu aliyelitaja jina. "Saverio alipoingia garini..." alianza siku moja. Papo hapo Khisa, fundi aliyeketi upande wake wa kulia, akapiga bati kwa nguvu. Ngo! Ngo! Ngo! Zéphyrin, Mkongomani aliyetengeneza masanduku, naye akapiga. Karakana nzima ikapiga, mpaka sauti ya Wanyama ikapotea kabisa.

Walifanya hivyo kwa kumpenda. Waliogopa mpelelezi asije akapita na kusikia. Kila alipotaja jina lile, walipiga. Hata nyumbani, mkewe Rosebella, mama wa binti yao Nafula aliyekuwa akisoma Bungoma, aligonga sufuria kwa mwiko ili majirani wasisikie.

Mwezi wa nne Wanyama akaanza kuziba masikio hata pakiwa kimya.

"Waambie waache kupiga," alisema.

"Nani anapiga, Baba Nafula? Leo ni Jumapili. Karakana imefungwa."

"Wanapiga. Hawataki nimwite."

Aliacha kwenda kazini. Alikaa akitazama ukuta. Mara nyingine alizungumza taratibu na Saverio, kama mtu aliyeketi mbele yake.

Rosebella alijaribu kila njia aliyoijua. Alimpa vidonge vya malaria. Havikusaidia. Mganga mmoja alimwambia kuna pepo kutoka kwao anayetaka kuku. Akachukua kuku wawili, kisha akachukua na kitenge kizuri cha Rosebella. Pepo hakuondoka, maana hakukuwa na pepo. Mwishowe Rosebella alinunua kufuli. Alipokwenda sokoni kuuza mihogo, alimfungia mumewe ndani asipotee mjini.

Mwezi wa tano Khisa alikuja kumwona.

"Shemeji, mwisho wa mwezi nakwenda nyumbani Bungoma," alisema. "Tumekubaliana karakanani. Nitampeleka kwa kaka yake."

"Kaka yake atamfanyia nini?"

Khisa akatazama chini. "Nyuma ya nyumba kuna nguzo. Baba yao mdogo alifungwa pale alipougua kichwa."

"Akapona?"

"Alizeekea pale."

Khisa alipoondoka, Rosebella alimtazama mumewe. Zilibaki siku kumi na saba.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akifunga kufuli, mtu akamwita kutoka nyuma.

"Mama Nafula! Una dhahabu humo ndani?"

Alikuwa Concy, mwanamke wa kaskazini, jirani wa nyumba ya tatu. Concy alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, na watu walimwita Sista. Lakini mume wake alikuwa polisi. Kwa sababu hiyo Rosebella alimsalimu kwa mbali tu.

"Mume wangu ana malaria, Sista."

"Malaria ya miezi mitatu? Hiyo malaria imeajiriwa. Karibu itapata pensheni."

Rosebella akacheka bila kutaka. Kisha kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa leso.

"Ningekuambia, Sista. Lakini mume wako..."

"Mume wangu ni polisi, ndiyo. Na anakoroma. Lakini mimi ni Mwacholi, kama yule mliyempoteza. Gari likisimama nje, moyo wangu pia unasimama. Niambie."

Rosebella akamweleza yote. Concy alisikiliza mpaka mwisho bila kumkata.

"Huu ni ugonjwa, Mama Nafula. Si laana, wala si aibu ya ukoo. Akili inaweza kuumia kama mguu unavyoumia. Mumeo aliona jambo baya, kisha akakosa mahali pa kulisema."

"Ugonjwa huu una dawa?"

"Una matibabu. Dawa ni sehemu moja tu. Wengi hupata nafuu. Lakini kufuli halijamponya mtu hata mmoja, wala nguzo."

"Matibabu yanataka pesa, Sista. Mimi sina hata kuku."

"Umesikia habari za Chama cha Bega? Tunakutana Lubaga kila Alhamisi, katika ukumbi mdogo karibu na kanisa. Waislamu wako, Wakristo wako. Wenye mshahara wanachanga. Daktari mmoja hutupa siku yake bila malipo. Dawa hununuliwa na chama. Mgonjwa hutoa anachoweza. Asiyeweza hatoi."

"Kwa hiyo ni bure?"

"Si bure. Kuna mtu amekulipia kabla hujafika. Siku utakayoweza, nawe utamlipia mwingine. Sasa fungua hilo kufuli."

Rosebella akafungua. Concy aliingia, akaketi sakafuni karibu na Wanyama. Hakumwuliza kwa nini hafanyi kazi. Hakumwambia ajikaze kiume. Kisha akauliza kwa upole:

"Mzee Wanyama, umewahi kufikiria kujiua?"

Rosebella akaziba mdomo kwa mkono.

"Mara mbili," Wanyama akajibu. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kumjibu mtu.

"Asante kwa kuniambia. Hutabaki na wazo hilo peke yako tena."

Walipotoka nje Rosebella alimvuta Concy kando. "Sista, kwa nini umemwuliza neno kama lile? Je, ukimtia wazo?"

"Kuuliza hakutii wazo. Wazo lilikuwamo tayari, tena lilikuwa peke yake naye. Sasa tunalijua. Ondoa kamba chumbani, na tindo, na kila chenye makali. Vidonge vyote nitunzie mimi. Na mtu akae naye. Mtu, si kufuli."

Siku zilizofuata Rosebella alikaa na mumewe asubuhi, na shemeji wa Concy akakaa naye saa za soko. Alhamisi wakaenda Lubaga. Daktari alimpima Wanyama mwili wote, kwa sababu maradhi ya mwili nayo huweza kuvuruga akili. Akampa vidonge vya kumeza kila jioni.

"Havitafanya kazi leo wala kesho," daktari alisema. "Subiri wiki kadhaa. Na ukijisikia vizuri, usiviache mwenyewe. Njoo kwanza tuzungumze."

Baadaye watu kumi na wawili waliketi kwa duara. Wengine walikuwa wagonjwa, wengine walikuwa wamepata nafuu, wengine walikuwa ndugu zao. Mama mmoja mzee alikuwa akimenya karanga kwa ajili ya chakula chao cha mchana. Concy alisema neno lolote litakalosemwa pale halitoki nje.

Zamu ya Wanyama ilipofika, aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Saverio."

Akainua mabega kama mtu anayengoja kipigo.

"Hapigi mtu?" akauliza.

"Hapigi mtu, ssebo," akajibu yule mama wa karanga, akimwita bwana kwa Kiganda. "Endelea."

Wanyama akaendelea. Alieleza habari za lile gari na lile bati lililowekwa chini polepole. Alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mwisho akasema jambo ambalo hata Rosebella hakulijua.

"Ana mke, anaitwa Akot. Yuko Kitgum na watoto wawili. Labda anadhani mumewe amepata mwanamke mjini, amewatupa. Mimi ninajua hakuwatupa. Ninajua, na nimekaa kimya."

Kesho yake, kwa ruhusa ya Wanyama, Concy alikwenda karakanani. Aliwaeleza mafundi jinsi mwenzao alivyosikia nyundo zao.

"Lakini tulikuwa tunamlinda!" Khisa alisema.

"Ninajua. Nia yenu ilikuwa nzuri. Lakini kila mlipopiga, yeye alisikia kwamba rafiki yake amekatazwa."

Zéphyrin aliweka nyundo yake chini. "Kumbe tulikuwa tunampiga yeye," alisema. "Bati lilikuwa jina tu."

"Tufanye nini, Sista?" akauliza Khisa. "Maana wapelelezi wapo kweli."

"Wapo. Sisemi apige kelele barabarani. Saa ya chai kaeni karibu, magoti yaguse magoti. Aseme taratibu. Ninyi sikilizeni tu. Na kuhusu ile safari..."

"Bungoma nitakwenda peke yangu," Khisa akasema haraka.

Rosebella alipopata habari hiyo, aliweka beseni la mihogo chini, akaketi palepale njiani.

Wanyama hakupona kwa siku moja. Wiki ya tatu alianza kulala. Wiki ya nne aliomba posho, yaani ugali, na maharage, akamaliza. Wiki ya tano alijiona mzima, akawa anavitema vidonge nje bila kumwambia mtu. Baada ya siku chache kelele zikarudi masikioni mwake. Rosebella alikasirika sana.

"Daktari wa watu anakupa siku yake, nawe unayalisha majani vidonge!"

Concy hakumgombeza. "Mguu wako bado unachechemea, mzee, nawe umetupa mkongojo," alisema. Wakarudi kwa daktari, wakaanza tena. Safari hii Rosebella na mumewe waliweka saa ya dawa pamoja na chai ya jioni. Yeye alimimina, Wanyama akameza. Baadaye walitembea kidogo hadi barabarani na kurudi, wakizungumza. Ilikuwa miaka mingi tangu watembee pamoja bila mzigo.

Mwezi wa nane Wanyama alirudi karakanani. Aliketi mahali pake. Alikuta Khisa ameketi upande wa pili wa reli, ameshika bati.

"Hapo ni pa Saverio," Wanyama alisema kwa sauti ndogo.

"Ni pake," Khisa akajibu. "Mimi ninamshikia tu. Akija leo, nitasimama."

Wanyama akainua nyundo. "Nikikupiga kidole?"

"Nina tisa vingine. Piga, fundi! Wateja wanapika kwa mawe matatu."

Zéphyrin akacheka. Wanyama akatazama bati, akapiga mara moja. Akapumzika. Akapiga tena. Siku ile walimaliza sigiri moja tu, tena iliyopinda kidogo. Wanyama aliipeleka Lubaga Alhamisi, na mama wa karanga akaipikia chakula cha wote.

Jioni moja ya mwezi wa kumi Wanyama alimwambia Concy, "Nataka kumwandikia Akot."

Concy alifikiri. "Posta barua zinafunguliwa. Lakini dada yangu Santa anakwenda Kitgum kesho asubuhi. Atampa Akot mkononi. Tena uandike kwa busara. Usitaje gari. Mengine Santa atamwambia kwa mdomo."

"Nitaweza?" Wanyama alimwuliza mkewe walipobaki wawili. "Kichwa hakitarudi kule?"

"Kikienda, tutakifuata," Rosebella alisema, akamsogezea taa.

Aliandika polepole. Alifuta mistari mingi. Barua ilipokwisha, alimsomea Rosebella:

*Mpendwa shemeji Akot,*

*Mimi ni Wanyama, ninayefanya kazi na Saverio. Mume wako hakuwatupa. Alitoka kazini mwezi wa pili, si kwa kutaka kwake, na mpaka leo hatujui alipo. Siku ile asubuhi alikuwa ananiambia jinsi mtoto mdogo alivyoota meno. Nisamehe kwa kukawia kuandika. Nilikuwa mgonjwa, nikasaidiwa. Nawe ukishindwa kulala au kula, usikae peke yako na jambo hili. Mwambie Santa. Yeye anajua mahali pa kuanzia. Sisi huku tunamtaja.*

Rosebella alichota uji wa baridi kwa ncha ya kidole, akapaka ukingo wa bahasha badala ya gundi. Wanyama akaukunja, akaubana kwa gumba mpaka ukashika.

Alfajiri Santa alipita mlangoni na mzigo wake wa vitenge. Aliipokea barua, akaiweka katikati ya vitambaa, akafunga fundo mara mbili.

"Kwa mkono wake mwenyewe," Wanyama alisema.

"Kwa mkono wake mwenyewe, kaka," Santa akajibu. Akajitwika mzigo, akaondoka nayo.